Mara Tisa Alimwozesha Padmaja

Mara ya kwanza Damodar Sabnis alipomwozesha Padmaja, yeye alikuwa na miaka ishirini na saba na bibi harusi alikuwa na ishirini na tisa, ingawa umri wa bibi harusi hakuna aliyeujua isipokuwa mama yake mzazi. Ilikuwa mwaka 1948, katika studio moja ya Dadar, mjini Bombay. Damodar hakuwa ameletwa pale kuwa baba wa mtu. Aliletwa kucheza tarishi wa posta: aingie, atoe barua, atoke. Lakini mzee aliyepangiwa kuwa baba aliteleza bafuni asubuhi ile akavunjika nyonga, na mwongozaji wa picha, Mparsi mmoja mwenye haraka aitwaye Ardeshir Gazdar, akazungusha macho studio nzima mpaka yakatua juu ya kichwa cheupe kilichokuwa kimejikalia pembeni kikitafuna karanga.

"Wewe mwenye mvi! Njoo hapa. Una watoto?"

"Sina hata mke, bwana."

"Basi leo unaye binti. Unamwozesha saa tano."

Mvi zile zilikuwa za homa ya matumbo. Ilimpata Kolhapur, akiwa na kundi la michezo ya jukwaani lililozunguka miji midogo, nayo iliondoka na nywele zake zote. Ziliporudi zilirudi nyeupe pe, kama pamba iliyochambuliwa, na Damodar akiwa kijana wa miaka ishirini na miwili tu. Dada yake mkubwa Yamuna, aliyefiwa na mume mapema na ndiye aliyekuwa akimpikia na kumgombeza katika chumba chao cha mtaa wa Girgaum, alimtafutia mchumba mara tatu. Mara zote tatu wazazi wa msichana walidhani Damodar ndiye baba wa bwana harusi.

Basi wakamvika joho na kilemba, wakamchora mikunjo machoni, wakamsimamisha mlangoni pa nyumba ya mbao na karatasi. Kazi yake ilikuwa moja. Binti anaondoka kwenda kwa mumewe, anamwangukia baba kifuani kwa mara ya mwisho, na baba analia. Wimbo wa kuaga ulikuwa umekwisha rekodiwa, ukipigwa kwenye sahani ya santuri, kwa hiyo hakuna aliyekuwa akinasa sauti. Damodar alitakiwa kulia tu, na hilo ndilo lililomshinda. Mara ya kwanza alikunja uso kama mtu aliyeuma ndimu. Mara ya pili alipepesa macho. Mara ya tano Ardeshir alikuwa ameketi chini, kichwa mikononi.

"Huyu anamwozesha binti au anangoja treni?" aliwauliza watu wa taa.

Mara ya sita Padmaja akamwangukia kifuani kama kawaida, uso umefunikwa na mtandio mwekundu, na kutoka mle ndani ya mtandio Damodar akasikia sauti ndogo, kavu, ya mtu mwenye njaa.

"Baba, huyo mume unayenipa ananuka vitunguu saumu toka asubuhi. Lia upesi twende tukale. Usipolia, naapa nitapenga kamasi kwenye hili joho lako."

Kicheko kilimjia Damodar kutoka chini kabisa, hakukitarajia. Alijua akikiachia, kesho hana kazi. Akauzika uso wake katika mtandio, akauma midomo, mabega yakaanza kutikisika, na kadiri alivyokibana ndivyo machozi yalivyomtoka, yakachimba njia katika ile mikunjo ya rangi. Padmaja naye, kwa kuona amefanikiwa, akaanza kutikisika pia. Wakashikana hivyo, wakitetema, mpaka wimbo ukaisha.

"Kata," alisema Ardeshir Gazdar kwa sauti ndogo. Alikuwa amevua miwani, anaifuta kwa shati.

Picha ile ilipotoka, watu wa Nagpur na Indore na Kanpur walilia mpaka wenye kumbi za sinema wakawa wanachelewesha kuwasha taa, ili watu wapate muda wa kujifuta. Hawakulia kwa ajili ya stelingi. Walimlilia yule baba.

Tangu hapo Damodar hakuwa tena tarishi. Akawa baba. Alikuwa baba masikini na baba tajiri, baba mkulima na baba hakimu, na karibu kila mwaka mtayarishaji mmoja au mwingine alimtaka yeye na Padmaja pamoja, kwa sababu watu walitaka kuona kule kuagana. Alimwozesha kwa daktari. Alimwozesha kwa mwanajeshi, kwa mwenye mashamba, kwa mshairi mgonjwa wa kifua. Na kila mara siku ya kuagana ilipofika, Padmaja alikuja na jambo lake la kunong'ona. Alikuwa akilitafuta majuma mazima. Mara nyingine lilikuwa juu ya tumbo la mwongozaji, mara nyingine juu ya farasi wa bwana harusi aliyekataa kutembea, na mwaka mmoja alimwambia tu, kwa sauti ya kanisani, orodha ya vyakula vyote ambavyo mama yake alimkatazia kula. Alipofika kwenye jilebi, vile vitamu vya kukaanga vyenye shira, Damodar alikuwa hoi.

Mbali na kamera walikuwa wakiitana vilevile.

"Baba, Yamuna kaleta nini leo?"

"Samaki wa mchuzi wa nazi. Na wewe umekatazwa, mwanangu."

"Mimi nimekatazwa na mama. Wewe ndiye baba. Nipe."

Mama yake, Godavaribai, alikuwa mwanamke mdogo wa umbo na mkali wa macho, aliyekaa kwenye kiti cha kukunja pembeni mwa kamera kila siku ya kazi. Aliwalea Padmaja na kaka zake wanne peke yake, na kaka wale walikuwa bado wanalelewa, ndevu zao na yote. Aliamini kwa moyo wote kwamba siku stelingi wa kike anapoolewa kweli ndiyo siku watu wanapomsahau. Wachumba walikuja, akawanywesha chai, wakaondoka. Magazeti aliyaambia binti yake ana miaka ishirini na saba. Miaka ilipita, na magazeti yakaendelea kuandika ishirini na saba.

Damodar naye alikuwa na taabu yake. Watu walimwamini. Sokoni wanaume wenye umri wa babu yake waliinama wakamgusa miguu kwa heshima. Familia asizozijua zilimletea kadi za harusi, zikimwomba aje tu, asimame karibu na bibi harusi, aweke mkono kichwani pake. Alikwenda, kwa sababu hakujua namna ya kukataa, na akina baba wa kweli wakamlalia begani wakilia.

"Najiona mwizi," alimwambia Padmaja siku moja, wakinywa chai nyuma ya studio. "Mimi sijawahi hata kununua pete. Wananililia mimi, na mimi wakati ule nilikuwa nacheka."

Padmaja alipuliza chai yake. "Mwanaume hapa kwetu ana pa kulilia? Nyumbani halii, kazini halii. Wamekupata wewe. Waache walie, Baba. Hupungukiwi kitu."

Alisema hivyo kwa wepesi, lakini Damodar alirudi nalo Girgaum, akakaa nalo. Yamuna alimtazama akisukuma wali huku na huku kwenye sahani.

"Nani?" aliuliza.

"Nani nini?"

"Usinifanye mtoto. Mtu akiwa na homa namjua, na hiyo si homa. Ni yule binti yako?"

"Dada, tafadhali."

"Mimi sikusema kitu," alisema Yamuna, na toka siku ile akawa anapika samaki wa kutosha watu wawili.

Lakini Damodar hakusema neno. Alimwogopa Godavaribai, aliwaogopa watu wa Nagpur na Indore, na zaidi ya wote alimwogopa Padmaja mwenyewe, asije akacheka. Miaka tisa ikapita hivyo.

Harusi ya tisa ilikuwa mwaka 1957, katika picha iliyoitwa Nyumba ya Kashinath. Mtayarishaji alikuwa Tolaram Bhojwani, Msindhi mnene mwenye moyo laini, aliyepoteza kila kitu India na Pakistani zilipogawanywa, akaanza upya. Mwongozaji alikuwa yuleyule Ardeshir. Siku ya kuagana ikafika. Sahani ikaanza kuimba, Padmaja akaja mbio katika mtandio wake, akamwangukia Damodar kifuani. Damodar akategea sikio.

Kimya. Ubeti mzima ukapita.

"Leo sina utani," alisema Padmaja ndani ya mtandio. "Nimechoka kuolewa na watu hawa. Kila mwaka unanitoa, unanipa mwingine. Kama una neno, Damodar, liseme. Kama huna, basi jichekeshe mwenyewe."

Hakuwahi kumwita kwa jina. Damodar alisimama pale na mikono yake mgongoni mwa Padmaja, na kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi ile akalia kweli. Pua ilimtoka, mdomo ukapinda upande, akatoa mlio kama wa mbuzi.

"Kata! Kata!" Ardeshir alipiga kelele. "Damodar, nini hicho? Nani analia hivyo? Miaka tisa unalia vizuri, leo unaniletea haya! Lia kama siku zote!"

Damodar alimtazama Padmaja, na Padmaja, macho yake yamejaa, alianza kutikisika. Kicheko kikawashika wote wawili, kikubwa kuliko cha miaka yote, na mpiga kamera, aliyekuwa na akili, akawasha mashine bila kuambiwa. Hicho ndicho kipande kilichoingia kwenye picha.

Wakati wa chai Damodar alimfuata nyuma ya studio. Godavaribai alikuwa akizozana na mpambaji juu ya vipuli.

"Neno ninalo," alisema. "Ninalo toka zamani."

"Toka lini?"

"Toka vitunguu saumu."

Padmaja aliweka kikombe chini. "Miaka tisa! Mwanaume, wewe ni mzito kama gunia la chumvi. Haya, tunafanyaje?"

Walifunga ndoa ofisini kwa msajili, baada ya tangazo kubandikwa ukutani mwezi mzima bila mtu kulijali, kwa kuwa jina la kuzaliwa la Padmaja lilikuwa Sugandha Mayekar na mji ule ulikuwa na akina Sabnis wengi. Yamuna alikuwa shahidi wa kwanza. Karani aliposoma fomu kwa sauti, Damodar aligeuka.

"Thelathini na nane? Umenizidi miaka miwili?"

"Niamkie basi," alisema mkewe.

Walikuwa na sharti moja la heshima: Tolaram aambiwe. Walikwenda kwake siku ileile, na yule mtu mnene alikaa kitako juu ya meza yake mwenyewe.

"Picha inatoka mwezi ujao," alisema kwa sauti ya mtu anayepewa habari za msiba. "Baba na binti! Baba na binti! Watu watachoma kumbi. Ndugu yangu, dada yangu, nawaombeni. Nyamazeni mpaka iondoke kwenye kumbi. Majuma sita. Manane labda. Kila mtu akae kwake kama zamani. Nitawafanyia karamu mwenyewe."

Majuma manane si kitu baada ya miaka tisa. Walikubali.

Ila Nyumba ya Kashinath haikutaka kuondoka. Juma la nane kumbi zilijaa. La kumi na mbili watu walilala foleni. La kumi na tano mwenye ukumbi mmoja aliweka taa za rangi nje na picha ya Damodar yenye urefu wa ghorofa mbili, analia. Kila Ijumaa Damodar alifungua gazeti akiomba picha yake ianguke, na kila Ijumaa ilikuwa imepanda.

Padmaja aliishi kwa mama yake, na mama hakujua. Alhamisi tu, mchana, Godavaribai alipokwenda hekaluni na kukaa huko mpaka jioni, Padmaja alijifunga sari ya pamba kama wanawake wa soko, akajitanda kichwa, akaja Girgaum na kikapu. Nyumba zile za vyumba vinavyopangana kwenye kibaraza kimoja kirefu hazina siri, kwa hiyo Yamuna aliwaambia majirani kwamba huyo ni fundi wake wa blauzi.

Ulikuwa uongo mzuri kwa Alhamisi mbili. Alhamisi ya tatu Sarojbai, jirani wa chumba cha tatu, aligonga mlango na kitambaa cha kijani.

"Fundi, nishonee na mimi. Mikono iishie hapa."

Padmaja hakuwahi kushona hata kifungo. Lakini kibaraza kizima kilikuwa kinachungulia. Alichukua kitambaa. Alhamisi zilizofuata, badala ya kukaa na mumewe wakaongea kama walivyotamani, alikaa sakafuni akitoboa vidole, Damodar akimshikia tochi chini ya cherehani ya Yamuna na kumsomea maelezo ya kukata kutoka kwenye kijitabu. Blauzi ya kwanza ilikuwa na mkono mmoja mrefu kuliko mwingine. Wa chumba cha tano alipewa blauzi isiyoingia kichwa.

"Fundi gani huyu, Yamuna?" walilalamika.

"Bei yake ni rahisi," alisema Yamuna. "Mvumilieni."

Damodar baadaye alisema zile ndizo zilikuwa siku zake za furaha kuu. Padmaja, uzi mdomoni, nywele zimevurugika, akilaani kwapa la blauzi ya mtu. Hakuna kamera iliyowahi kumwona vile.

Juma la ishirini na mbili Sarojbai alikwenda kuiona Nyumba ya Kashinath kwa mara ya tatu. Katikati ya picha, stelingi wa kike anainua kichwa kutoka kisimani na kupangusa paji la uso kwa nyuma ya mkono. Sarojbai akasimama ukumbini, amevaa blauzi yake ya kijani yenye mkono mrefu.

"Huyo ni fundi wangu!" alipiga kelele.

Mpwa wake alifanya kazi kwenye kiwanda cha kupigia chapa gazeti moja la sinema. Jumatatu habari ilikuwa imeandikwa, na picha yao: Baba Amwoa Binti.

Yaliyofuata yalikuwa mabaya kuliko alivyoogopa Tolaram. Barua zilikuja kwa magunia. Kule Nagpur walirusha viatu kwenye pazia. Kaka zake Padmaja walifunga mlango, na Godavaribai akaondoka kitini pake bila kumwambia binti yake neno, akaenda kulala chumbani mchana. Tolaram akaja Girgaum, akapanda ngazi akihema, akaketi juu ya sanduku la Yamuna.

"Jumapili, ukumbi wa Poona, saa tisa alasiri," alisema. "Mtasimama jukwaani kabla ya picha. Mtasema ni uongo wa gazeti. Maneno matatu tu. Nina watu mia mbili wanaonitegemea."

Alikuwa mtu mwema na alikuwa analia, kwa hiyo walikwenda.

Ukumbi ulifurika mpaka ngazini. Waliposimama mbele ya pazia, kelele zilikuja kama maji yaliyovunja ukuta. Aibu! Baba gani wewe! Ndala moja ilipita sikioni mwa Damodar. Tolaram, pembeni, alimfanyia ishara: sema, sema.

Damodar alifungua mdomo. Alijua maneno matatu yale. Alimwona Padmaja ubavuni mwake amenyoosha mgongo kama mtu anayengoja sindano.

"Ni kweli," alisema. "Ni mke wangu."

Kelele zilipanda, kisha mtu mmoja safu za mbele akasimama juu ya kiti, mtu mzima, shati limepigwa pasi kwa ajili ya Jumapili. Hakuwa na hasira. Alikuwa ameumia.

"Mimi nilimwozesha binti yangu mwezi wa nne," alisema, na wenzake wakanyamaza kumsikiliza. "Sijui kulia. Nilikuja kukuona wewe kwanza, mara mbili, nikajifunza. Siku ile nikalia kama wewe. Sasa niambie. Mlikuwa mnatufanya wajinga?"

Damodar alimtazama yule mtu, na mbele ya watu elfu moja akasema kama anavyosema nyumbani.

"Mimi niliigiza, ndugu yangu. Ndiyo kazi yangu. Wewe hukuigiza. Yale machozi hukuyapata kwangu, ulikuja nayo kutoka nyumbani kwako. Mimi sina binti. Nimekuonea wivu siku zote."

Mtu yule hakushuka kitini. Ndipo sauti ya mwanamke mzee ikatoka juu, upande wa wanawake.

"Hebu nyamazeni nyote! Wewe mwenye mvi. Una umri gani, mwanangu?"

"Thelathini na sita, mama."

Ukumbi ukaangua kicheko cha dharau. "Mwongo! Thelathini na sita na kichwa hicho!"

Damodar alihisi mkono wa Padmaja ukiachana na wake. Padmaja alipiga hatua mbele mpaka mwisho wa jukwaa, akautoa mtandio kichwani, chini ya zile taa kali, bila rangi usoni.

"Anasema kweli," alisema. "Homa ilimfanya hivyo. Ana thelathini na sita. Mimi nina thelathini na nane."

Tolaram, pembeni, alijishika kichwa kwa mikono miwili. Damodar mwenyewe alitaka kumvuta arudi. Alijua Padmaja alikuwa anafanya nini. Kila mtayarishaji Bombay angekuwa na habari ile kabla ya chakula cha usiku, na asingekuwa bibi harusi tena kamwe.

"Thelathini na nane," alirudia Padmaja. "Magazeti yanasema ishirini na saba. Nimekuwa na ishirini na saba kwa miaka kumi na moja, jamani, nimechoka. Huyu si baba yangu. Nikihesabu vizuri, mimi ni dada yake mkubwa. Kama mna viatu vya kurusha, nirushieni mimi niliyewadanganya. Yeye hajawahi kumdanganya mtu."

Yule bibi wa juu akacheka, kicheko cha mtu asiye na meno mengi.

"Eti sisi tumekaa hapa tunalia kwamba mzee kaoa mtoto," alisema, "kumbe mtoto ndiye kaoa mdogo wake! Waacheni hao. Washeni picha, nimekuja kwa basi kutoka mbali."

Mmoja akacheka, kisha safu nzima. Mtu wa shati la Jumapili alikaa polepole. Na taa zilipozimwa, na wakati wa kuagana ukafika, Damodar na Padmaja, waliokuwa wamesimama gizani nyuma kabisa, waliwasikia watu wa Poona wakilia kama kawaida.

Padmaja alikuwa sahihi juu ya alichokitoa. Mwaka mzima simu haikulia kwa ajili yake. Damodar aliendelea kuwa baba, sasa wa wasichana wengine, na hakuna hata mmoja kati yao aliyemnong'oneza kitu, kwa hiyo alilazimika kujifunza kulia upya, akiwa na miaka karibu arobaini, kwa shida sana. Padmaja alihamia Girgaum kabisa. Alijifunza kushona.

Godavaribai alikaa kimya miezi minne. Siku moja asubuhi alitokea kwenye kibaraza akiwa na mtungi wa achari ya ndimu, akaukabidhi kwa Yamuna bila salamu, akaketi.

"Kwa nini thelathini na nane?" alimuuliza binti yake hatimaye. "Ungesema thelathini na sita. Mngekuwa sawasawa. Nani angekuuliza?"

"Mama!"

"Nasema tu." Kisha akamgeukia Damodar, akamtazama kwa muda. "Amekonda. Anakula?"

"Anakula kila kitu, mama," alisema Damodar. "Hata jilebi."

"Ndiyo sababu," alisema Godavaribai, ingawa haikueleweka sababu ya nini, na alikaa mpaka chakula cha mchana, na wiki iliyofuata akarudi.

Mwaka 1959 ndipo alipokuja mwongozaji kijana, na kofia yake mkononi, akitafuta mwigizaji wa kucheza mama. Stelingi wake angekuwa Jagat Narain, yuleyule aliyekuwa bwana harusi wa Padmaja katika Nyumba ya Kashinath. Sasa angekuwa mwanawe. Yule kijana alilisema kwa haya, akingoja kutukanwa. Padmaja alifikiri kidogo.

"Ananuka nini siku hizi?" aliuliza, na akakubali.

Damodar hakuwa na kazi katika picha ile. Siku ya kwanza alimsindikiza tu, na mpambaji alipoanza kumpaka mkewe unga mweupe nyweleni, Damodar alitoka nje, kwa sababu hakujua auweke wapi uso wake. Alirudi studio ilipokuwa imenyamaza. Kilikuwa kipande cha mama anayepokea barua ya mwanawe kutoka gerezani. Hajui kusoma, na hakuna mtu nyumbani wa kumsomea. Basi. Hakukuwa na wimbo wala maneno.

Damodar aliketi juu ya sanduku la nyaya, nyuma ya kamera. Miaka yote ile alikuwa amemwona Padmaja kwa karibu mno, shavu kifuani, sauti ndani ya mtandio. Hakuwahi kumwona kutoka mahali watu wengine walipomwona.

Padmaja aliichukua barua. Aliigeuza. Aliinusa. Aliifungua, akapitisha kidole juu ya mistari, taratibu, kutoka mwanzo mpaka mwisho, kama mtu anayepapasa uso wa mtoto gizani, kisha akaikunja kufuata mikunjo yake ileile na kuiweka ndani ya blauzi. Hakutoa chozi hata moja. Mpiga kamera alisahau kuzima mashine.

"Mama yangu," alisema yule mwongozaji kijana, si kwa mtu yeyote.

Padmaja aliinua macho, akawapita watu wote wa studio, akamwona Damodar kule nyuma.

"Vipi?" alimuuliza kwa kuinua nyusi tu.

Damodar alikuwa amepinda mdomo upande mmoja, pua inamtoka, na mtu wa taa aliyesimama karibu yake alimpa kitambaa bila kumtazama.